Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa wa akili akiumizwa wodini, nani anajibu?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: UKATILI DHIDI YA WAGONJWA KATIKA HOSPITALI ZA MAGONJWA YA AKILI NA WAJIBU WA SERIKALI

Pamoja na salamu za heshima, naandika barua hii mbele ya umma kwa sababu ile niliyokuandikia kwa faragha haikufika popote. Kaka yangu alilazwa bila ridhaa yake katika hospitali ya magonjwa ya akili iliyo chini ya wizara yako. Alitoka na mkono uliovunjika na makovu ya kamba kwenye vifundo vya miguu. Nilipouliza wodini nikaambiwa alianguka bafuni. Nikamwandikia mkuu wa hospitali, naye akajibu kuwa alianguka bafuni. Nikaandika wizarani. Wizara ikaipeleka barua yangu kwa mkuu yuleyule wa hospitali ili atoe maelezo. Akayatoa, na wizara ikanitumia maelezo hayo yakiwa na muhuri mpya: alianguka bafuni. Makovu ya kamba hayakutajwa na yeyote. Sijawahi kuona bafu linalofunga watu kamba.

Sitaitaja hospitali hapa, wala sitaweka jina langu. Kaka yangu amepata nafuu na amerudi kazini, na hakuna mwenye haki ya kumtangazia ugonjwa wake. Majina, tarehe na picha za majeraha vyote vimo kwenye jalada mlilonalo. Isitoshe, siandiki ili mhudumu mmoja afukuzwe kazi. Ningetaka hilo tu, ningeendelea kupanda ngazi za ofisi zenu.

Hoja yangu ni moja, na mengine yanatokana nayo. Serikali ndiyo iliyotunga sheria ya kumlaza mtu kwa lazima. Ndiyo inayomtuma askari kumfuata kwake, ndiyo inayofunga mlango wa wodi na kukaa na ufunguo. Aliyeshika ufunguo hawezi kusema hajui yaliyotokea ndani. Mtu aliyeingia mzima wa viungo akitoka amevunjika, ni juu ya serikali kueleza kilichomvunja, wala si juu ya mgonjwa kuthibitisha kwamba alivunjwa.

Kwa ruhusa yako, nayaweka malalamiko yangu kwa namba.

1. Malalamiko yanarudishwa kwa anayelalamikiwa

Safari ya barua yangu nimekwisha kuieleza. Haikuwa ajali ya kiofisi, ndivyo utaratibu ulivyo. Mgonjwa akipigwa anatakiwa amwambie muuguzi wa zamu, ambaye huenda ndiye aliyempiga, au anakunywa chai na aliyempiga. Muuguzi huyo ndiye anayeandika daftari la matukio. Akiandika "mgonjwa alikuwa mkali, akatulizwa", basi hayo ndiyo yaliyotokea, kwa mujibu wa serikali. Mgonjwa akishikilia maneno yake, inaandikwa kwamba ana dhana za kuonewa. Akikasirika kwa kutosadikiwa, hasira nayo inahesabiwa kuwa dalili na dozi inapandishwa. Wako wagonjwa wengi walionyamaza kwa kuwa wamejifunza kwamba kusema kunachelewesha siku ya kuruhusiwa.

Ni kweli baadhi ya wagonjwa huona na kusikia yasiyokuwapo. Ndiyo sababu ya kuwa na uchunguzi, si sababu ya kuuacha. Mtu anayesikia sauti anaweza vilevile kuvunjwa mkono, na picha ya eksirei haiugui akili.

Nchini Uingereza, mwaka 2011, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri katika hospitali ya Winterbourne View, karibu na Bristol, iliyokuwa ikihudumia watu wenye ulemavu wa akili na usonji. Wahudumu walionekana wakiwapiga vibao, wakiwaburuta na kuwamwagia maji ya baridi. Watu 11 walikiri makosa mahakamani na 6 kati yao wakafungwa jela. Lakini kinachonisumbua zaidi ya picha zile ni kilichozitangulia. Muuguzi mmoja wa pale pale alikuwa amekwisha kulalamika, kwa uongozi na kwa mamlaka ya ukaguzi, na hakusikilizwa. Nchi hiyo ina wakaguzi wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyohiyo, na bado ilibidi mwandishi wa habari aingie na kamera ya kuficha ndipo watu wasadikike. Sasa sisi ambao mkaguzi wetu ni mkuu wa hospitali mwenyewe?

2. Kamba, chumba cha kutengwa na sindano vimekuwa njia ya kuendesha wodi

Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watu wenye magonjwa ya akili, zilizopitishwa mwaka 1991, zinaruhusu kumfunga au kumtenga mgonjwa pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuzuia madhara yanayokaribia kutokea, kwake au kwa wengine. Haifai kuendelea kupita muda unaohitajika hasa. Kila tukio liandikwe kwenye jalada la mgonjwa: sababu, namna na kiasi. Mwakilishi wake ajulishwe bila kuchelewa. Kanuni hizi zina zaidi ya miaka 30, na wapo wataalamu wa haki za binadamu wanaoziona kuwa zinaachia mno. Mwaka 2013 Juan Méndez, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, alitaka mataifa yapige marufuku kabisa kuwafunga na kuwatenga wagonjwa wa akili.

Sisi hatujafika hata kwenye zile za 1991. Kaka yangu hakufungwa kwa sababu alitaka kumdhuru mtu. Kwa maelezo yake, na ya mgonjwa aliyelala kitanda cha jirani, alifungwa kwa kuwa alikuwa akizunguka usiku na kuuliza saa ya dawa. Hakuna aliyetujulisha nyumbani. Nilipoomba kuona palipoandikwa, nilionyeshwa ukurasa usiokuwa na neno lolote kuhusu kamba.

Linganisha na gereza, Mheshimiwa. Kanuni za Mandela za mwaka 2015 kuhusu wafungwa zinakataza kumweka mtu peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, na zinakataza kumtenga kabisa mfungwa mwenye ulemavu wa akili ikiwa kutengwa kutamzidishia hali. Mfungwa aliyehukumiwa, tena, anaijua tarehe yake ya kutoka. Mgonjwa ambaye hajamkosea mtu haijui, na chumba anachofungiwa kinaitwa tiba.

Kuhusu sindano ya kutuliza nitasema machache. Inaokoa maisha inapotumika ipasavyo, nimeona. Lakini haiachi kovu, na kwa hiyo ndiyo ngumu kuliko vyote kuikagua. Wodi ambayo watu wote wamelala saa nane mchana ingepaswa kumfanya mkaguzi yeyote aombe daftari la dawa kabla hajaombwa kusaini kitabu cha wageni.

3. Usiku katika wodi za wanawake

Hapa sitaeleza kirefu, kwa sababu wenye haki ya kusimulia ni wanawake wenyewe. Nauliza tu maswali ambayo wizara inaweza kuyajibu kesho ikitaka. Ni wodi ngapi za wanawake zinazoachwa usiku mikononi mwa mhudumu wa kiume peke yake? Mwanamke akipata mimba akiwa amelazwa nyuma ya mlango uliofungwa, nani hupelekewa taarifa, polisi au muuguzi mkuu? Na wanaochomwa sindano za kuzuia mimba, au kufungwa kizazi, walitoa ridhaa wao? Kanuni za 1991 nilizozitaja zinasema wazi kwamba kumfunga mtu kizazi kamwe si tiba ya ugonjwa wa akili.

4. Aliyelazwa kwa lazima hana pa kukata rufaa

Mtu akikamatwa na polisi, yapo masaa ya kumfikisha mahakamani. Mtu akilazwa kwa lazima, sahihi za madaktari zinatosha, na baada ya hapo anasubiri madaktari haohao wabadili mawazo. Hili lilikwisha kuamuliwa barani kwetu. Mwaka 2003, katika shauri la Purohit na Moore dhidi ya Gambia, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliikuta Gambia na hatia ya kuvunja Mkataba wa Afrika, pamoja na mambo mengine kwa sababu sheria yake ya tangu enzi za ukoloni haikumpa mgonjwa nafasi ya kupinga kulazwa kwake wala msaada wa wakili. Ukatili hustawi palipo na mtu asiye na pa kwenda kusema. Ndiyo maana nimeliweka suala hili la kisheria katika orodha moja na vipigo.

5. Vifo visivyochunguzwa

Mgonjwa wa akili akifa wodini, cheti husema moyo ulisimama, au kifafa, au upungufu wa damu. Huenda ni kweli. Lakini nani alihakikisha?

Naomba uniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu Afrika Kusini imetuachia somo lililoandikwa kwa gharama kubwa mno. Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Gauteng ilitangaza kuvunja mkataba wake na kituo cha Life Esidimeni, kilichokuwa kikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Sababu zilizotolewa zilikuwa kubana matumizi na kuwarudisha wagonjwa kwenye jamii. Familia zilipinga, wataalamu wakaonya, hadi mahakamani watu wakaenda. Mwaka 2016 wagonjwa zaidi ya 1,400 wakahamishwa, wengi wao kwenda kwenye vituo vya mashirika yasiyo na uwezo wa kuwahudumia. Baadhi ya familia hazikuambiwa ndugu zao wamepelekwa wapi. Watu walikufa kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi na kwa kukosa dawa.

Sasa tazama hesabu. Septemba 2016 waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, alisema waliokufa ni 36. Februari 2017 msimamizi huru wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alitoa ripoti: wamefika 94 na huenda wakazidi, na vituo vyote 27 vilivyowapokea vilikuwa na leseni zisizo halali. Mbele ya jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesikiliza usuluhishi kati ya familia na serikali, idadi ikafika 144. Vifo havikubadilika, aliyevihesabu ndiye aliyebadilika: kila hesabu ilipotoka mikononi mwa wizara na kwenda kwa mtu wa nje, maiti ziliongezeka.

Kwa hiyo wizara yako inaponiambia kwamba haina taarifa za vifo vya kutiliwa shaka katika hospitali zake, naamini kabisa kwamba haina.

6. Adhabu inaishia kwa mdogo

Kashfa ikifumuka, mhudumu wa usiku husimamishwa, picha yake husambaa, na kufikia Ijumaa limekwisha. Aliyepanga zamu ya mtu mmoja kwa wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwatazama hatajwi. Aliyepokea malalamiko matano ya wodi ileile akayafungia kwenye droo anapandishwa cheo na kuhamishiwa mkoa mwingine.

Afrika Kusini, pamoja na machungu yake, ilipanda ngazi. Mwaka 2018 Jaji Moseneke aliamuru serikali ilipe randi milioni 1.2 kwa kila mdai, ikiwamo fidia kwa kuvunjwa kwa haki zake za kikatiba. Mwaka 2024 Jaji Mmonoa Teffo, baada ya uchunguzi wa kimahakama wa vifo, aliona kwamba vifo vya wagonjwa 9 vilisababishwa na uzembe wa Mahlangu mwenyewe na wa Makgabo Manamela, aliyeongoza idara ya afya ya akili ya jimbo. Ilichukua miaka minane, na ni vifo 9 kati ya 144. Hata hivyo jaji alitamka jina la waziri. Hapa kwetu sijasikia likitamkwa hata la katibu muhtasi.

Mheshimiwa, nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi zenu kiasi cha kuyajua majibu yatakayokuja. Naomba niyatangulie.

Mtasema hakuna fedha. Ni kweli afya ya akili inapewa makombo: kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, nchi kwa wastani huitengea chini ya asilimia 2 ya bajeti za afya. Lakini ripoti hiyohiyo inasema katika nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya kidogo hicho huishia kwenye hospitali za magonjwa ya akili. Fedha chache zilizopo zinapelekwa palepale penye kamba. Tume ya Afrika nayo, katika shauri la Gambia, ilikubali kwamba nchi zetu ni maskini, kisha ikasema umaskini hauiondolei serikali wajibu wa kuchukua hatua za dhahiri kwa kile ilicho nacho. Na kutompiga mtu ni bajeti ya shilingi ngapi?

Mtasema wauguzi ni wachache na wanachoka. Hapo tuko pamoja. Nimemwona muuguzi mmoja akikabidhiwa wodi nzima usiku, bila kengele ya kuita msaada, na nilimwonea huruma kama nilivyomwonea kaka yangu. Ila jibu hilo linaifunga wizara badala ya kuifungua, kwa sababu muuguzi hakujiajiri na hakujipangia zamu.

Mtasema wagonjwa ni wakali. Wachache, wakati fulani, ndiyo. Olaseni Lewis alikuwa kijana wa Uingereza aliyefariki mwaka 2010 baada ya askari 11 kumkandamiza akiwa hospitalini, mahali alipokwenda kutafuta msaada. Familia yake haikuchoka, na mwaka 2018 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria inayozitaka hospitali za magonjwa ya akili kumteua kiongozi anayewajibika kwa matumizi ya nguvu, kuwafundisha wafanyakazi njia za kutuliza hali bila nguvu, na kuandika kila tukio. Ukali wa mgonjwa ni hali ambayo hospitali ya magonjwa ya akili imejengwa kwa ajili yake. Isiyoiweza haina kazi nyingine.

Na mtasema baadhi ya vituo ni vya watu binafsi. Damião Ximenes Lopes aliingizwa katika kliniki binafsi mjini Sobral, Brazil, Oktoba 1999. Siku tatu baadaye mama yake alimkuta amefungwa mikono, anavuja damu, na akafariki siku hiyohiyo. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika ikaamua kwamba Brazil yenyewe inawajibika, maana kliniki ile ilikuwa ikitoa huduma kwa niaba ya mfumo wa afya wa umma na serikali ilikuwa na wajibu wa kuisimamia. Leseni mnatoa ninyi.

Kwa hayo yote, naomba wizara yako ifanye yafuatayo:

(a) Iundwe mamlaka ya ukaguzi iliyo nje ya wizara, inayoweza kuingia hospitali yoyote ya magonjwa ya akili, ya umma au binafsi, bila taarifa, mchana au usiku, kuzungumza na wagonjwa faraghani, na kuchapisha ripoti bila kuipitisha kwako. Wawemo ndani yake watu waliowahi kulazwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 16, unataka usimamizi huru wa vituo vya aina hii, na Itifaki ya hiari ya mwaka 2002 ya Mkataba dhidi ya Mateso inaeleza namna ya kufanya ziara zenyewe. Hakuna cha kubuni hapa.

(b) Kila tukio la kumfunga, kumtenga au kumdunga mgonjwa sindano kwa nguvu liandikwe na kupelekwa kwa mamlaka hiyo, na familia au mtu aliyechaguliwa na mgonjwa ajulishwe ndani ya saa 24.

(c) Kila kifo katika hospitali hizi kichunguzwe na hakimu, pamoja na uchunguzi wa maiti utakaofanywa na daktari asiye wa hospitali husika.

(d) Kila aliyelazwa kwa lazima apelekwe mbele ya baraza huru ndani ya muda uliowekwa na sheria, akiwa na wakili, hata kama hana uwezo wa kumlipa.

(e) Muuguzi au mhudumu anayetoa taarifa za ukatili alindwe na sheria. Wapo wengi wanaojua, na wachache wenye pa kusemea.

(f) Jalada la kaka yangu lifunguliwe upya na wachunguzi wasiotoka hospitalini wala wizarani, nao waanze kwa kumsikiliza yeye.

Lile la (f) linaweza kuanza wiki hii, halihitaji sheria mpya. La (b) linahitaji waraka mmoja wenye sahihi yako. Mengine najua yatapita bungeni, na ndiyo maana nakala ya barua hii nimeipeleka huko.

Naomba majibu ya maandishi, yatolewe hadharani ndani ya siku 60, yaeleze kipi kimekubaliwa, kitaanza lini na chini ya nani, na kipi kimekataliwa na kwa sababu gani.

Wako,

Dada wa mgonjwa
(Jina kamili na anwani vimo katika jalada la malalamiko wizarani.)

Nakala:
Kamati ya Bunge inayoshughulikia afya
Tume ya Haki za Binadamu
Chama cha wauguzi
Familia za wagonjwa waliolazwa